Kitabu Kimoja Muhula Mzima

Jumatano, 3 Septemba

Kosa ni langu mwenyewe. Siku ya kuchagua kozi niliona imeandikwa "kitabu kimoja, muhula mzima", nikasema moyoni, kimoja tu? Hii ndiyo yangu. Wenzangu bwenini walikuwa wanajitwisha vitabu vinane, kumi, nami nikawaonea huruma.

Leo nimekiona hicho kimoja. Kina kurasa mia tisa na herufi ndogo kama mayai ya chawa. Tulikaa kwenye meza ndefu, wote wa mwaka wa tatu na wa nne isipokuwa mimi. Profesa Dacey ni mwanamke mwembamba, mvi zake kazikata fupi, na sauti yake ni ya chini mpaka watu wanaacha kupumua ili wamsikie. Utaratibu wake ni huu: anatazama dirishani, anataja jina la ukoo la mtu, mtu huyo anasoma aya moja kwa sauti, kisha yeye anauliza, "Kwa nini?" Ukijibu, anauliza tena, "Kwa nini?" Kijana mmoja wa mwaka wa nne, mwenye ndevu zake kamili, leo alitolewa jasho mpaka akavua sweta.

Mimi sikutajwa. Nilikuwa nimejikunyata nyuma ya mkoba.

Tamsin, tunayeishi naye chumba kimoja, alipolisikia hili alicheka mpaka akakaa sakafuni. "Kwa hiyo ulidhani utasoma kimoja, ukalale?" Ndiyo, ndivyo hasa nilivyodhani.

Jumapili, 7 Septemba

Nimempigia Baba. Simu zetu nazijua kabla hazijaanza. Mvua imenyesha? Imenyesha. Viazi? Vipo. Unakula? Nakula. Haya basi. Mama alipotuacha akaenda kuishi Connecticut nilikuwa na miaka sita, na tangu hapo mimi na Baba tumeishi vizuri bila kuambiana mengi. Kwenye trekta hamhitaji maneno. Tabu imeanza nilipohamia huku kusini kusoma, maana kimya cha kwenye simu hakivumiliki.

Leo kile kimya kilipotujia nikaingiwa na hofu, nikaanza tu kumsimulia kitabu. Kuna mjane anaitwa Orsola. Mumewe amekufa maji na kumwachia daraja, na kila anayevuka lazima alipe ushuru. Shemeji yake, Benno, analitaka daraja hilo liwe lake.

"Halafu?" akasema Baba.

"Halafu Benno akaja na gari la farasi, akakataa kulipa."

"Akakataa? Kwenye daraja la kaka yake mwenyewe?"

"Ndiyo hivyo, anasema la kaka yake, halipi ng'o."

"Ana haki, bwana. Mimi ningekuwa yeye nisingelipa. Halafu?"

Nilimsikia Shangazi Aurore akipiga kelele kwa nyuma kuwa supu inapoa. Shangazi ni dada yake Baba, anakaa naye tangu moyo uanze kumsumbua. Baba akamwambia aiache ipoe. Sijawahi kumsikia baba yangu akiacha supu ipoe.

Mwishoni akauliza, "Na huyo mwalimu wenu, mama gani huyo?" Nikamweleza, nikamsema vibaya kidogo. Baba akacheka hadi akakohoa.

Ijumaa, 12 Septemba

Mvua. Nimesoma tangu asubuhi. Orsola bado amesimama dirishani.

Jumapili, 14 Septemba

Hata salamu hatujamaliza, Baba kauliza, "Enhe, na yule mama mkali kasemaje wiki hii?" Nikamtukana Profesa Dacey kwanza, ndipo tukaingia kwenye hadithi. Nadhani huu sasa ndio utakuwa utaratibu wetu. Kumbe amewaambia hadi wanaume wa pale ghala la ushirika. "Nimewaambia binti yangu yuko darasa la kitabu kinene kama tofali," alisema. Sauti yake ilikuwa na maringo ambayo sikuyazoea.

Jumatano, 17 Septemba

"Daigle," Profesa akasema leo, akitazama dirishani. Ndilo jina langu la ukoo.

Aya yangu ilikuwa ile ya Orsola akirudi kutoka mazishini. Anafungua mlango, anavua shali, anapita kando ya mabuti ya marehemu yaliyoko mlangoni, yana matope, anakwenda kuchochea moto. Nilisoma bila kujikwaa. Hata nilijisikia fahari kidogo.

"Mabuti yametajwa hapa," akasema Profesa. "Kwa nini?"

"Kwa sababu yako mlangoni."

"Kuna vitu vingi mlangoni. Kwa nini mabuti?"

Nikatazama karatasi. Maneno yote niliyowahi kuyajua yaliniaga mara moja. Jirani yangu alianza kuchora duara pembeni mwa daftari lake, mtu akakohoa.

"Tunakusikiliza, Bi Daigle."

"Kwa sababu yana matope," nikasema.

Meza nzima ikaangua kicheko. Profesa Dacey hakucheka. Alinitazama tu, akanitazama, na hilo niliona ni baya kuliko kicheko chenyewe. Kisha akasema, "Labda," akamtaja mwingine. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze na kiti changu.

Jumapili, 21 Septemba

Nimemsimulia Baba aibu yangu yote.

"Kwani hayakuwa na matope?"

"Yalikuwa nayo."

"Sasa walicheka nini hao?"

Nilicheka mimi pia, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano.

Huko kwetu kaskazini, tunakokuita Bondeni, wameanza kuvuna. Baba akasema binamu yangu Lucien anashuka huku Alhamisi kuchukua vipuri vya mashine, na akirudi kuna nafasi kwenye lori. "Umo?" Nikamwambia nimo. Hilo nalo la kuuliza?

Jumamosi, 27 Septemba, nyumbani

Mikono imevimba, pua imejaa vumbi, na nina furaha. Shule zote za Bondeni zimefungwa kwa ajili ya viazi kama kila mwaka. Tunasimama juu ya mashine, mkanda unapita mbele yetu, tunatoa mawe na mabonge ya udongo, viazi vinakwenda zao kwenye lori. Kelele ni kubwa hivi kwamba hakuna anayeweza kuniuliza kwa nini.

Baba mwaka huu amekatazwa shamba. Miguu yake imevimba na daktari amesema moyo hautaki purukushani. Amewekewa kiti mlangoni mwa ghala, anapokea malori, anamgombeza kila dereva. Mchana tukakaa kwenye bodi la lori tukila ploye, chapati zetu laini, zilizopakwa siagi, na Baba akaniamrisha niwasimulie watu habari za daraja. Nikasimulia. Lucien akauliza kama Orsola ni mzuri wa sura. Baba akamwambia, "We kula chakula chako. Noella, endelea. Halafu?"

Jumanne, 30 Septemba, nyumbani

Leo Baba amefanya ukorofi. Shangazi alipokwenda dukani, akavaa mabuti yake, akashuka shambani peke yake, akatembea hadi mwisho wa matuta na kurudi. Nilimwona kutoka juu ya mashine. Alikuwa anakwenda polepole sana, anasimama, anageuza bonge la udongo kwa ncha ya buti, anaendelea. Shangazi aliporudi akamkuta ameketi pale pale kwenye kiti chake, lakini mabuti yalimsaliti. Alimsema hadi koo likamkauka.

"Nimekwenda kuliaga tu shamba la mwaka huu," Baba akasema.

"Utaliaga na mwakani!" Shangazi akamjibu. Akayavuta mabuti miguuni mwake, akaenda kuyabwaga mlangoni mwa nyumba.

Alhamisi, 2 Oktoba

Nimerudi chuoni, nimekuta moto unawaka. Jana Jumatano nilikuwa na zamu ya kufungua mjadala wa sura ya tisa. Mimi! Nililijua hilo tangu wiki ya kwanza, na kule juu ya mashine halikunijia akilini hata mara moja. Wala sikumwambia mtu yeyote kwamba ninaondoka. Maisha yangu yote, viazi vikiwa tayari watu wanakwenda shambani, na kila mtu anajua mahali walipo. Hakuna mtoto wa Bondeni aliyewahi kuomba ruhusa ya kuvuna.

Nilikwenda ofisini kwa Profesa Dacey. Hakuniambia niketi.

"Ulikuwa wapi?"

"Nyumbani, Profesa. Viazi."

"Viazi vimefanya nini?"

"Vimekomaa."

Akavua miwani. "Hapa hatuna likizo ya viazi, Bi Daigle. Wenzako walikaa wanakungoja. Sura ya tisa haikufunguliwa."

Nikamwambia sikujua, kwamba kwetu ruhusa haiombwi. Nilisikia jinsi maneno yangu yalivyokuwa ya kijinga mle ndani, kati ya vitabu vile. Amenipa sifuri ya zamu ile, na kurasa kumi za kuandika nikitaka kubaki. Mwanamke hana moyo. Nimesema.

Jumapili, 5 Oktoba

Baba: "Mama mkali kasemaje?" Nikamsimulia. Hakucheka. Akasema, "Kumbe nimekuponza mimi." Nikamwambia hapana, nikaharakisha kwenda kwa Orsola.

Alhamisi, 9 Oktoba

Naandika zile kurasa. Baridi.

Jumatano, 15 Oktoba

Nimepata D. Chini kabisa ameandika kwa penseli, mwandiko mdogo safi: "Unasimulia kilichotokea. Hakuna aliyekuuliza kilichotokea."

Nimeisoma sentensi hiyo mpaka nimeikariri. Kuna mtu mmoja duniani anayeniuliza kilichotokea, lakini yeye hatoi alama.

Jumatano, 22 Oktoba

Alilitaja tena jina langu. Nikafungua mdomo kusoma na sauti haikutoka. Si kwamba nilisahau, haikuwepo. Nikakusanya vitu vyangu nikatoka, nikatapikia kwenye sinki la choo cha wanawake. Hakuna aliyenifuata. Tamsin ananiambia, "Iache tu, mpenzi. Watu wanaacha kozi kila siku, mimi mwenyewe nimeshaacha mbili, sioni la kulilia." Anasema kwa nia njema. Ana wepesi ambao mimi sikuzaliwa nao. Kwetu mtu akishaingia kwenye tuta anatokea upande wa pili, hata kama anatambaa.

Jumapili, 26 Oktoba

Shangazi ndiye aliyepokea. Baba alilazwa hospitali Jumatano mpaka Ijumaa na walikubaliana wasiniambie, ili nisome kwa utulivu. Kwa utulivu! Jumatano hiyo hiyo nilikuwa nimeinamia sinki.

Kisha Baba akachukua simu. Pumzi yake inakatika katikati ya maneno. "Mama mkali?" akauliza. Nikamwambia yuko vile vile. Sikumwambia habari ya sauti kupotea. Nikamsimulia sura mbili, jinsi mto ulivyoanza kujaa na Benno akahamia ng'ambo ya pili ya daraja, wakawa yeye na Orsola wanatazamana kila asubuhi bila kusalimiana.

"Wajinga wote wawili," akasema Baba. "Halafu?"

"Nimeishia hapo, Baba."

"Basi soma, mama. Soma upesi. Mimi nangoja."

Hilo ndilo linalonikaba. Ijumaa ya tarehe saba Novemba ndiyo siku ya mwisho ya kuacha kozi. Nikipita hapo nitafeli, hilo liko wazi. Nikiiacha, nitampigia Baba Jumapili nimwambie nini? Kwamba binti wa darasa la kitabu kinene ameshindwa? Tumepata kitu cha kuzungumza baada ya miaka yote hii, na hali ndiyo hii aliyonayo. Naogopa kurudi kwenye mvua-imenyesha-imenyesha.

Jumapili, 2 Novemba

Nilikusudia kumwambia. Akaniuliza mama mkali kasemaje, nikatunga uongo, nikasema ametukaripia wote kwa kuchelewa. Baba akafurahi sana. Najichukia.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimeiacha.

Kumbe kozi hii haiachwi bila saini ya mwalimu mwenyewe, kwa hiyo ilibidi nipande ngazi hadi kwake. Nilisimama nje ya mlango kitambo, nikamsikia ndani akijisomea kwa sauti, peke yake, ile sauti yake ya chini. Alikuwa anasoma kitabu chetu. Nikaona ajabu, maana nilidhani watu kama yeye hawahitaji tena kusoma.

Nikagonga. Safari hii aliniambia niketi. Nikamweleza nilichokuja kufanya, akatia saini bila kuuliza kwa nini. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali hilo usiku na mchana, na halikuja. Nikaona uchungu hata kwa hilo, kwamba mimi sikustahili tena kuulizwa.

"Utakimaliza?" akasema.

"Kozi, Profesa?"

"Kitabu. Wengi wakiondoka kwangu wanakiuza wiki hiyo hiyo."

"Nitakimaliza. Kuna mtu anangoja."

Akaitikia kwa kichwa kana kwamba hilo ni jambo la kawaida. Nilipofika mlangoni akaniita, si kwa jina la ukoo. "Noella. Lile jibu lako la matope halikuwa baya. Ulipaswa kuendelea."

"Mlicheka," nikasema. Sijui nilipata wapi ujasiri huo.

"Wao walicheka. Mimi nilikuwa nangoja."

Nimekaa kwenye ngazi za jengo lile nikalia kama mtoto. Nimerudi kusoma nilichoandika tarehe kumi na saba Septemba, na kweli, hakucheka. Niliandika mwenyewe kuwa alinitazama. Labda kungoja na kuhukumu vinafanana kwa mtu mwenye hofu. Lakini saini imeshatiwa, na Jumatano ijayo kiti changu kitakuwa kitupu, na ile ndoto yangu kwamba mimi ni mtu wa vitabu nimeiacha mezani kwake pamoja na ile karatasi.

Baba sitamwambia. Nimeamua hivyo.

Jumapili, 9 Novemba

Nilikuwa na wasiwasi atauliza habari za mama mkali kabla sijajipanga, kwa hiyo alipopokea tu nikaanza moja kwa moja, "Baba, mto umefika kwenye nguzo!" Upande wa pili nikasikia kama mtu anaiziba simu kwa kiganja, kisha ukimya, kisha sauti yake tena.

"Enhe. Mto umefika kwenye nguzo. Halafu?"

Hakuuliza kabisa. Bahati yangu. Nikasimulia mpaka akachoka.

Jumatano, 12 Novemba

Saa ya semina nilikwenda maktaba, nikasoma kurasa zile zile wanazosoma wenzangu. Hakuna aliyeniuliza kitu. Ni raha, na ni upweke.

Jumapili, 16 Novemba

Hakuuliza tena. Pengine dawa zinamsahaulisha. Theluji ya kwanza imeanguka kwetu, Shangazi anasema amemhamishia kitanda sebuleni, karibu na jiko la kuni.

Jumapili, 23 Novemba

Amelala nikiwa katikati ya sentensi. Shangazi akachukua simu akaninong'oneza, "Endelea kidogo, usikate. Akisikia umenyamaza anaamka." Nikaendelea.

Ijumaa, 28 Novemba, nyumbani

Jana ilikuwa sikukuu ya Shukrani. Baba alikula kijiko kimoja cha kila kitu ili Shangazi asinune. Amekonda hivi kwamba shati lake linaonekana la mtu mwingine. Nilikuja na kitabu chenyewe. Sasa simsimulii, namsomea, neno kwa neno, naye amefumba macho, na pale Benno anapotajwa anainua kidole kimoja kutoka kwenye blanketi. Mpaka leo yuko upande wa Benno, eti ni mtu aliyeumia tu na hajui pa kusemea. Mimi nilianza kitabu hiki nikimchukia Benno. Sasa sijui.

Leo asubuhi Shangazi alikuwa nje anasafisha theluji, tukabaki wawili. Nikasema, "Baba, kuna jambo nataka kukwambia."

"La darajani?"

"Hapana."

"Kama si la darajani, lisubiri." Akanishika kifundo cha mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi, na kuni zote zile zinawaka. "Soma, mama. Polepole. Usinirukishe."

Nikasoma polepole.

Jumatano, 3 Desemba

Nimekutana na yule wa mwaka wa nne mwenye ndevu kwenye foleni ya chakula. Semina imemaliza kitabu leo. Akataka kuniambia mwisho wake, nikaziba masikio kwa mikono yote miwili mbele ya watu. Amenishangaa. Mimi na Baba bado tuko nyuma, na tumeahidiana kwamba sitamtangulia hata ukurasa.

Jumapili, 7 Desemba

Shangazi alimshikia simu. Tumefika mwisho wa sura iliyo kabla ya mwisho. Maji yamepanda juu ya mbao za daraja, Orsola yuko upande huu na taa, na Benno ameanza kuvuka kumfuata.

"Benno hafi, eti?" Sauti ilikuwa upepo tu.

"Sijui, Baba. Sijasoma."

"Kweli?"

"Haki ya Mungu. Nakungoja wewe."

"Basi Jumapili," akasema. "Jumapili tutajua."

Jumatano, 10 Desemba

Baba amefariki leo asubuhi. Theluji nyingi. Lucien anakuja kunichukua.

Jumamosi, 13 Desemba, nyumbani

Misa ilikuwa leo. Kanisa lilijaa wanaume wa ushirika, wameshika kofia. Mmoja wao, simjui hata jina, akanishika bega akaniambia, "Wewe ndiye yule wa kitabu."

Ardhi imeganda, kwa hiyo hatukuzika. Atakaa kwenye nyumba ya mawe pale makaburini pamoja na wengine wa msimu huu mpaka Mei, udongo utakapolainika. Imekuwa hivyo kwetu siku zote na sikuwahi kuliona kuwa jambo gumu. Leo nimeliona. Tumemwacha pale tukarudi nyumbani kunywa kahawa.

Jumapili, 14 Desemba, nyumbani

Ilipofika saa yetu ya simu sikujua nijiweke wapi. Nikaenda jikoni. Shangazi Aurore alikuwa anakausha vikombe vya wageni. Nikamwambia nimebeba jambo, nikalisema lote bila kupumzika: kwamba niliiacha kozi tangu Novemba, kwamba nilimdanganya Baba hadi mwisho, kwamba amekufa akiamini binti yake yuko darasani.

Shangazi akaendelea kukausha kikombe kile kile.

"Alijua," akasema.

"Alijua nini?"

"Wewe si ulipiga ile Jumapili ukaanza na mto, mto, bila kumtukana yule mama kwanza? Akaziba simu na kiganja, akanigeukia. Akaniambia, 'Aurore, ameiacha.' Nikamwambia muulize basi. Akasema, 'Thubutu! Nikimuuliza ataona haya, ataacha kupiga.'" Akaweka kikombe chini. "Akanikataza nami nisikuulize. Kila Jumapili ananikumbusha. 'Usimwulize mtoto kitu.' Nilitaka kukwambia pale kwenye Shukrani, akanikazia macho. Basi nikanyamaza, ningefanyaje?"

Nilikaa kwenye kiti cha Baba. Ile bahati yangu yote, ya yeye kutouliza, haikuwa bahati. Wiki zote hizo nilidhani namlinda, kumbe pumzi zile kidogo alizobakiza alikuwa anazitumia kunilinda mimi. Nimelia mpaka kifua kikauma. Nalia hata sasa.

Baadaye Shangazi akaanza kusafisha, kwa sababu hawezi kukaa bure. Akapangusa meza, akafagia, akafika mlangoni. Mabuti ya Baba yalikuwa pale pale Shangazi mwenyewe alipoyabwaga siku ile ya mavuno, udongo wa shamba umekaukia juu yake, mweupe pembeni. Akayainua, akachukua brashi.

"Yaache!" nikapiga kelele. Hata mimi nilijishtua.

"Ni machafu, mwanangu. Ni ya marehemu, ngoja niyasafishe."

"Yaache, Shangazi. Yaache na matope yake."

Akanitazama, akatazama mabuti, kisha uso wake ukabadilika. Akayarudisha chini taratibu, moja kando ya jingine, akajifuta mikono kwenye aproni.

Kwa nini yametajwa? Kwa sababu yana matope. Kwa sababu matope yale ni ya siku aliyotembea shambani mara ya mwisho, hadi mwisho wa matuta na kurudi, na ukiyatoa hakuna mengine yatakayokuja. Kwa sababu Orsola alipita kando yake akaenda kuchochea moto, asiyaguse. Leo ningeweza kukaa kwenye ile meza ndefu nikasema saa nzima, na mama mkali angengoja. Lakini semina imeshakwisha, na jibu hili nimelinunua kwa bei ambayo singeilipa kamwe.

Shangazi akavuta kiti akaketi karibu nami. Kumbe na yeye alikuwa anasikiliza kila Jumapili. Baba alikuwa anaweka simu kwenye spika. Akasema, bila kunitazama, "Haya, niambie basi. Alikuwa anavuka na maji yamejaa. Halafu?"

Nikaleta kitabu. Tukaisoma sura ya mwisho palepale jikoni, polepole, sikuruka hata neno.

Benno hakufa, Baba. Alifika.